Njia Iliyopotea Gikondo Ingali na Mashahidi

Nyumba ikibomoka, mwenyewe hulia. Shamba likivamiwa, mwenyewe hushitaki. Lakini njia ya miguu ikifungwa, nani atakayelia? Njia haina mwenyewe mmoja. Leo husimikwa kigingi, kesho huvutwa waya, keshokutwa hujengwa ukuta wa matofali. Na baada ya miaka michache mtoto aliyezaliwa pembeni mwa ukuta huo hajui kabisa kwamba bibi yake alipita mahali hapo kwenda kuteka maji.

Ndugu msomaji, makala hii yazungumzia njia za namna hiyo katika kilima cha Gikondo, mjini Kigali. Twataka kuona zilitoka wapi, zilipotea vipi, na ni kwa namna gani familia yoyote, iwe ya askari, ya polisi au ya raia mwingine, yaweza kuifuatilia njia iliyopotea na kuiandikia historia yake. Kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji miguu, daftari, na adabu mbele ya wazee.

NENO LENYEWE

Yafaa tuanze na neno. Kiswahili husema njia. Kinyarwanda husema inzira. Maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, yamezaliwa na lugha za kale za Kibantu. Njia ikiwa ndogo, Mnyarwanda huiita akayira, nasi huiita kijia au ujia. Na njia iliyo wazi kwa watu wote huitwa nyabagendwa, maana yake ni mahali panapoendwa na watu. Katika neno hilo moja mna sheria nzima ya ujirani: njia ni mali ya miguu ya wote.

Gikondo hivi leo ni sekta, yaani umurenge, katika Wilaya ya Kicukiro. Kilima chake kimetazamana na vilima vya Nyarugenge na Kimihurura, na katikati yake mna bonde la majimaji. Maji ya bonde hilo huelekea mto Nyabugogo, nao Nyabugogo huingia Nyabarongo. Mtu asiyelijua bonde hili hawezi kuzielewa njia za Gikondo, kwa maana kila njia ya zamani ama ililikimbia bonde, ama ililitafuta.

NJIA TATU ZA KILIMA

Katika nchi ya vilima watu wa kale hawakujenga bondeni. Walikaa juu na katika miteremko, kila jamaa katika urugo wake, yaani boma lililozungushiwa ua wa miti. Mlango wa boma uliitwa irembo, na mbele ya irembo ndipo njia ilipoanzia. Kwa hiyo mtu anayetafuta njia iliyopotea hana budi kujiuliza kwanza: ilikuwa njia ya namna gani?

Ya kwanza ni njia ya mgongoni. Hiyo ilipita juu kabisa ya kilima, mahali pakavu, na ndiyo waliyoifuata wasafiri wa mbali, wachukuzi wa mizigo na wajumbe. Ya pili ni njia ya mteremko. Hiyo ilishuka kutoka maboma hadi kwenye iriba, yaani chemchemi, na ilikanyagwa na wanawake wenye vibuyu na mitungi, na watoto, na ng'ombe waendao kunywa maji. Ya tatu ni njia ya kuvuka bonde. Hiyo ilitafuta mahali pembamba penye ardhi ngumu, ili mtu apite kati ya mafunjo bila kuzama.

Njia ya mgongoni mara nyingi imeokoka, kwa sababu waliokuja baadaye waliipanua ikawa barabara. Njia ya kuvuka bonde aghalabu imegeuka daraja. Ile ya mteremko ndiyo iliyopotea zaidi. Chemchemi ikishapata mshindani wake, yaani bomba, njia ya kwendea majini hukosa kazi. Nayo njia iliyokosa kazi haikawii kukosa nafasi.

WALIOPANUA NA WALIOFUNGA

Mwaka 1907 Mjerumani Dakta Richard Kandt alianzisha kituo cha utawala katika kilima cha Nyarugenge. Huo ndio mwanzo wa mji wa Kigali. Mizigo ya siku hizo ilifika juu ya vichwa na mabega ya wachukuzi, kwa njia za miguu. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwaondoa Wajerumani, na katika miaka iliyofuata wakaanza kukata barabara za motokaa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Barabara hizo ziliundwa kwa mikono ya wananchi waliolazimishwa, na mjeledi ulikuwa karibu. Hadi leo Wanyarwanda husimulia habari za ikiboko cha wakati ule, neno lililotoka moja kwa moja katika Kiswahili chetu: kiboko.

Hata hivyo Kigali ilibaki mji mdogo sana. Makao makuu ya Ruanda-Urundi yalikuwa Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, na mfalme alikaa Nyanza. Uhuru ulipofika mwaka 1962, Kigali ilikuwa na watu wapatao 6,000 tu, ikafanywa mji mkuu. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 1.7 katika Jiji la Kigali. Msomaji na azilinganishe hesabu hizo mbili, kisha ajiulize ni vijia vingapi vilivyokuwa katikati ya migomba ambavyo sasa viko chini ya sakafu za nyumba.

Huko Gikondo jambo jingine lilitokea. Baada ya uhuru, bonde na ukingo wake vilifanywa eneo la viwanda na maghala. Palikuwa na kiwanda cha kahawa cha Rwandex, palikuwa na maghala ya forodha ya Magerwa, na pia uwanja wa maonyesho ya biashara uliojulikana nchini kote. Malori yalihitaji barabara pana, nayo ikapatikana. Wanyarwanda wameendelea kuiita kwa Kifaransa, Poids Lourds, barabara ya magari mazito. Mahali pa kuvukia kwa miguu pakazibwa na kuta za viwanda. Mvua kubwa zilipokuja, maji yaliyozoea kutandaa bondeni yalikosa pa kukaa, yakapanda barabarani.

Serikali ilikuja kuona kosa hilo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 ilikataza kujenga katika umbali wa mita 20 kutoka ukingo wa bonde la majimaji. Viwanda vya Gikondo vikaamriwa kuhama, na eneo jipya likatengwa Masoro, katika Wilaya ya Gasabo. Katika miaka ya 2020 bonde la Gikondo likatiwa katika orodha ya mabonde ya Kigali yanayorudishiwa hali yake ya asili, pamoja na Rwampara, Kibumba, Nyabugogo na Rugenge-Rwintare. Hivyo bonde lililonyang'anywa mafunjo yake linarudishiwa, na watu wanatengenezewa tena njia za kupita kwa miguu. Ni nani ajuaye kama njia mpya hazitapita mahali pa zile za kale? Maji na ardhi ngumu havibadili mahali kwa sababu ya ramani ya mhandisi.

MWAKA 1994

Hatuwezi kuandika historia ya njia za Gikondo tukauruka mwaka 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, barabara kubwa zilijaa vizuizi, na penye kizuizi kitambulisho cha mtu kilikuwa hukumu yake. Waliokuwa wakiwindwa walijaribu kupita katika vijia, katika migomba na katika mafunjo. Tarehe 9 Aprili 1994, zaidi ya watu 100 waliokimbilia kanisa la mapadre Wapallotti hapo Gikondo waliuawa. Wengine waliuawa wakiwa njiani, na ndugu zao hawakujua walipoangukia.

Kwa sababu hiyo kumbukumbu ya njia si mchezo wa wastaafu wasio na kazi. Mwaka 2018, katika sekta ya Rusororo, wilayani Gasabo, yaligunduliwa makaburi ya halaiki chini ya nyumba za watu, miaka 24 baada ya mauaji. Miaka yote hiyo watu waliishi juu yake. Mahali palipokuwa na njia, kizuizi au shimo, pakisahauliwa, hata wafu hukosa kuzikwa kwa heshima. Mzee anayekumbuka kwamba njia ilipita hapa, si pale, aweza kuwa ameshika ufunguo ambao jamaa fulani inautafuta tangu mwaka ule.

Basi anayeuliza habari za njia na aulize kwa upole. Kama mzee akinyamaza, anyamaziwe. Kama machozi yakimtoka, daftari lifungwe. Na kama jambo alilolisema lahusu mabaki ya watu waliouawa, lisipelekwe sokoni. Lipelekwe kwa wakuu wa mahali na kwa wanaohusika na kumbukumbu za mauaji hayo.

MASHAHIDI WASIOSEMA

Njia iliyopotea ina mashahidi wa namna mbili: wasemao na wasiosema. Tuwatazame kwanza wasiosema.

Shahidi wa kwanza ni ardhi. Njia iliyokanyagwa kwa vizazi vingi huzama. Huwa kama mfereji, kingo zake ziko juu kuliko tumbo lake. Tembea kilimani mara baada ya mvua, utaona maji yakifuata mkondo ambao haukuchimbwa na mtu. Mara nyingi hapo ndipo palipokuwa na njia.

Shahidi wa pili ni miti. Wanyarwanda walizoea kupanda ua wa umuyenzi, ambao kwa Kiswahili ni mnyaa, mti wenye utomvu mweupe. Ukiona mistari miwili ya minyaa inayokwenda sambamba, na katikati yake mna nafasi ya watu wawili kupishana, umeuona ujia wa zamani hata kama sasa umejaa majani. Umuvumu nao, mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, hukaa miaka mingi baada ya boma kubomoka. Mahali palipokuwa na makao ya mfalme na miti yake ikabaki, huitwa ikigabiro. Katika Tanzania pia miti imekuwa shahidi: huko Ujiji miembe yaonyesha hadi leo ilipopita njia ya misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Bagamoyo, na njia hiyo iliorodheshwa mwaka 2006 kati ya mahali ambapo Tanzania yataka pawe urithi wa dunia.

Shahidi wa tatu ni majina. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Jiji la Kigali liliziwekea barabara alama za herufi na namba: KN kwa Nyarugenge, KG kwa Gasabo, KK kwa Kicukiro. Utaratibu huo ni mzuri kwa polisi, kwa zimamoto na kwa gari la wagonjwa. Lakini namba haisimulii kitu. Abiria wa Gikondo wakaendelea kutaja Rwandex na Sonatubes, majina ya makampuni, kana kwamba ni majina ya vilima. Na tazama jina Mburabuturo, kilima jirani: katika Kinyarwanda lasikika kama kusema, nakosa makao. Jina kama hilo halikuzuka bure, nalo humpa mtafutaji swali zuri la kumwuliza mzee.

Shahidi wa nne ni karatasi. Kati ya mwaka 2009 na 2013 Rwanda iliandikisha ardhi yake yote, vipande zaidi ya milioni 10. Kazi hiyo ilifanywa kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Majirani walisimama mpakani pamoja na mpimaji, wakaonyesha kwa kidole, mstari ukachorwa juu ya picha. Kijia kilichokuwa wazi siku ile kiliweza kuonekana. Kilichokwisha kufungwa kabla hakikuweza. Ramani na picha za wakati wa Wabelgiji nazo zimo katika jumba la makumbusho la Tervuren, nchini Ubelgiji. Na mwenye simu ya kisasa aweza kutazama picha za satelaiti za miaka ya 2000, akailinganisha Gikondo ya wakati ule na ya sasa.

JINSI YA KUFANYA KAZI

Sasa na tuingie katika kazi yenyewe. Baba, mama na watoto waweza kuifanya pamoja siku ya mapumziko.

Kwanza, chagua njia moja tu. Anayetaka kuzifuata zote hataipata hata moja. Andika mwanzo wake na mwisho wake: kwa mfano, kutoka boma fulani hadi chemchemi.

Pili, mwarifu kiongozi wa umudugudu, yaani kijiji au mtaa wako. Mtu anayezungukazunguka na daftari kwenye mipaka ya wenzake huzua hofu, hasa akiwa amevaa sare. Askari na avue sare siku hiyo, aende kama jirani.

Tatu, waulize wazee watatu au wanne, kila mmoja peke yake. Msalimu kwanza, uliza hali ya nyumba, keti unapoonyeshwa. Usianze kwa kusema, je, njia ilipita hapa? Ukiuliza hivyo atakuitikia kwa heshima tu. Uliza badala yake: mlikuwa mkiteka maji wapi? Mliifuata njia gani? Mlikutana na nani? Ng'ombe walinyweshwa wapi? Bibi harusi alipitishwa wapi? Wanawake waulizwe zaidi, maana wao ndio walioikanyaga njia ya maji kila siku.

Nne, tembea. Hapa askari ana elimu ambayo wengi hawana. Yeye ajua hatua zake ni ngapi katika mita 100. Asiyejua na azihesabu kwanza katika barabara iliyopimwa. Kila penye alama, iwe mti, jiwe, kona au mfereji, aandike hatua na upande. Mtoto wa shule achore ramani. Ramani ya mtoto, yenye tarehe na majina ya alama, ni bora kuliko maneno ya mtu mzima yasiyoandikwa.

Tano, linganisha. Jambo lililosemwa na mzee mmoja na kuthibitishwa na ardhi, liandike kwa wino. Lililosemwa tu bila ushahidi, liandike kwa penseli. Kuuliza si ujinga, na kuacha nafasi tupu katika daftari si aibu.

ONYO NA FAIDA

Hapana budi kutoa onyo. Historia ya njia isifanywe panga la kukatia ua wa jirani. Ikiwa hati ya ardhi yaonyesha kwamba mahali fulani ni kiwanja cha mtu, hati hiyo yasimama mpaka wenye mamlaka waseme vingine. Aliyegundua kwamba ukuta umeziba njia aende kwanza kwa mwenye ukuta, kisha kwa wapatanishi wa mahali, kisha kwa ofisi ya ardhi. Asiende usiku na nyundo.

Lakini faida zake ni kubwa. Njia ya mteremko ilikuwa pia mfereji wa mvua. Ikizibwa bila kuchimbwa mtaro mwingine, maji huugonga ukuta wa jirani aliye chini. Mwezi Mei 2023 mvua na maporomoko viliwaua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, hasa katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Maafa hayo yalikuwa na sababu nyingi, lakini kila mwenye nyumba mteremkoni alijifunza kwamba maji yasipopewa njia hujitafutia. Tena, njia ikifungwa, mgonjwa aliye bondeni huzungushwa kilima kizima kabla ya kufikishwa kwenye gari.

Wenzetu wa nchi za mbali nao wameliona jambo hili. Katika Uingereza chama cha watembea kwa miguu kiitwacho Ramblers kiliwaita watu wa kujitolea wapekue ramani za kale. Mwaka 2020 kikatangaza kwamba katika England na Wales palikuwa na njia zaidi ya maili 49,000, yaani kama kilomita 79,000, zilizokuwa kwenye ramani za kale lakini hazimo katika daftari rasmi za sasa. Kazi hiyo ilifanywa na watu wa kawaida, wakilinganisha ramani kipande kwa kipande.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati nyingine. Sehemu kubwa ya ramani zetu ingali vichwani mwa wazee. Lakini ramani ya namna hiyo haina nakala. Siku mwenyewe anapozikwa, nayo huzikwa. Kwa hiyo anayetaka kuinakili asingoje wakati wa likizo ndefu.

Huko Rwanda kuna umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambapo raia, askari na polisi hushika jembe pamoja. Mitaro huzibuliwa siku hiyo, na njia hutengenezwa. Baada ya kazi watu huketi na kuzungumza mambo ya mtaa wao. Huo ni wakati mzuri wa kusimama na daftari na kuuliza: wazee wetu, kabla ya ukuta huu, watu walipita wapi? Atakayejibu na asikilizwe hadi mwisho, jina la njia liandikwe kama alivyolitamka, na nakala moja ipelekwe ofisi ya umurenge, nyingine ibaki shuleni ambako watoto wataisoma.